Mvinyo mwekundu wa Douro: kuuonja na kula nao – maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wa aina mbili: aliyeletewa chupa ya Ureno iliyoandikwa “Douro” na hajui aanzie wapi, na yule aliyekwisha kuionja, akaona inakwaruza ulimi, akaisukuma pembeni. Jibu la huyu wa pili liko kwenye sahani, ndiyo maana chakula kimepewa nafasi kubwa hapa kuliko glasi.

Douro ni wapi?

Ni bonde la mto kaskazini mwa Ureno. Mto wenyewe unaanzia Hispania, ambako unaitwa Duero, unavuka mpaka, unapenya katikati ya milima na kumwaga maji yake baharini pale Porto. Mashamba ya mizabibu hayapo Porto, ingawa wengi hudhani hivyo. Yako ndani, nyuma ya mlima Marão unaozuia mawingu ya mvua kutoka Atlantiki. Kwa hiyo ni nchi kavu. Wenyeji husema wana miezi tisa ya baridi na mitatu ya jehanamu, na wakati wa kiangazi kipimajoto hupita nyuzi 40 bila mtu kushangaa.

Udongo ni haba. Kilichopo ni mwamba wa shisti, jiwe linalopasuka matabaka kwa matabaka, na mizizi hujipenyeza kwenye nyufa zake kutafuta maji. Ili wapande chochote, watu wa huko walilivunja jiwe hilo, wakajenga kuta na kukata matuta kama ngazi kwenye miteremko mikali. UNESCO iliyaingiza mandhari hayo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mipaka ya eneo la mvinyo ilikwisha wekwa kisheria tangu 1756, enzi za waziri aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal, na baadhi ya nguzo za mawe zilizosimikwa wakati ule bado zimesimama mashambani.

Bonde lina sehemu tatu. Baixo Corgo, upande wa magharibi, hupata mvua zaidi na mvinyo wake huwa mwepesi. Cima Corgo iko katikati. Douro Superior inapakana na Hispania na ndiyo kavu kuliko zote. Chupa nyingi hazitaji sehemu, basi usijisumbue.

Si huko ndiko inakotoka Port?

Ndiko. Mashamba ni yaleyale, na mara nyingi hata mkulima ni yuleyule. Njia zinaachana wakati wa kuchachusha. Juisi ya Port ikiwa bado katikati ya kuchachuka hutiwa pombe kali ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77. Kipimo cha kale ni lita 115 kwa kila lita 435 za juisi. Hamira hufa papo hapo, sukari iliyobaki hubaki, na unapata kinywaji kitamu chenye kilevi cha asilimia 19 hadi 22. Mvinyo mwekundu wa Douro huachwa uchachuke mpaka sukari iishe. Kilevi chake kwa kawaida ni kati ya asilimia 13 na 14.5.

Kwa karne mbili na zaidi Port ndiyo iliyoleta fedha, na mvinyo mkavu ulikuwa wa kunywewa nyumbani na vibarua. Aliyebadilisha mambo ni Fernando Nicolau de Almeida, mtaalamu wa kampuni ya Ferreira, ambaye mwaka 1952 alitengeneza Barca Velha kule Douro Superior. Umeme haukuwepo. Ili juisi isichemke kwa joto la kuchachuka, vipande vya barafu vilisafirishwa kutoka Matosinhos, bandari ya wavuvi karibu na Porto, hadi milimani. Hata hivyo ilibidi kungoja. Mvinyo huu wa mezani ulipata hadhi yake ya kisheria mwaka 1982, na Ureno ilipoingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986 wakulima wadogo wakaweza kuuza nje chupa zenye majina yao.

Nimezoea mvinyo mtamu. Huu nitaupenda?

Glasi ya kwanza, pengine hapana. Wengi wetu tulianza na mvinyo mwekundu mtamu, wa Dodoma au wa Afrika Kusini, na ulimi umejifunza kungoja sukari. Huu hauna. Utasikia uchachu, kisha ukakasi, kisha joto la kilevi, na utajiuliza watu wanasifia nini. Ushauri wangu ni usiunywe peke yake kabla ya chakula. Subiri nyama iive, uweke glasi kando ya sahani, ndipo unywe. Asiyeupenda hata hapo, basi haupendi, na hana deni kwa mtu.

Umetengenezwa kwa zabibu gani?

Kwa mchanganyiko. Hapa Wareno wanatofautiana na wengi: badala ya kuandika jina la zabibu moja kwa herufi kubwa, wanachanganya.

Touriga Nacional ndiyo yenye sifa kubwa. Punje zake ni ndogo, ganda nene, mavuno machache, na ndiyo inayotoa harufu ya maua na ya chai ile yenye bergamoti, tunda la jamii ya chungwa. Touriga Franca imepandwa kwa wingi zaidi. Huleta tunda na manukato laini. Tinta Roriz ni ileile ambayo Wahispania huiita Tempranillo. Halafu kuna Tinta Barroca, Tinto Cão na Sousão, hii ya mwisho ikiwa na rangi nzito kiasi cha kutia doa kitambaa milele.

Kwenye mashamba ya zamani aina hizo hazikutenganishwa. Babu alipanda alichopewa na jirani, na leo shamba moja dogo linaweza kuwa na aina ishirini, thelathini au zaidi zimechangamana, zikivunwa siku moja na kukanyagwa pamoja. Mvinyo wa mashamba hayo ndio naupenda kuliko wote, kwa sababu harufu yake huwezi kuimaliza kuitaja.

Maneno ya kwenye lebo yanasema nini?

“Tinto” ni mwekundu. “DOC Douro” maana yake zabibu zote zimetoka ndani ya mipaka na mvinyo umepita mbele ya waonjaji wa taasisi inayoitwa IVDP, ambayo hutoa kile kibandiko chenye namba kinachobandikwa kwenye chupa. Ukiona “Duriense”, ni mvinyo wa bonde hilohilo chini ya masharti mapana zaidi; si lazima uwe mbaya. “Reserva” na “Grande Reserva” ni ngazi za juu, na kwa kawaida utakuta pipa la mwaloni limetumika. “Vinhas Velhas” ni mizabibu mizee. “Quinta” ni shamba lenye jina lake.

Kwa mtu anayeanza, nunua ule wa kawaida usioandikwa Reserva. Una tunda zaidi na mbao kidogo, na ndio unaokubaliana na vyakula vingi. Reserva ingoje nyama yenye hadhi yake.

Nitauonjaje?

Onja mara mbili: kwanza bila chakula, kisha ukiwa na chakula. Watu hufanya la kwanza tu na kuandika hukumu.

Mimina hadi theluthi ya glasi, usijaze. Glasi nzuri ni yenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo, ili harufu isipotee. Inamishe juu ya karatasi nyeupe, utazame. Douro changa ni zambarau iliyokolea, karibu nyeusi katikati, na ukingoni utaona urujuani. Kadiri miaka inavyopita ukingo huo hugeuka kuwa mwekundu wa tofali, kisha kahawia. Chupa ya miaka mitatu ikiwa na ukingo wa kahawia, ujue ilikaa juani mahali fulani.

Nusa kabla ya kuzungusha. Kisha zungusha, unuse tena. Utakachokuta kwanza ni tunda jeusi, na kwa mtu wa pwani neno lililo karibu zaidi ni zambarau mbivu, zile zinazoangukia mchangani na kupasuka. Nyuma yake njoo na subira: maua, majani makavu, pilipili manga, wakati mwingine vanila au moshi kama pipa lilikuwa jipya. Mvinyo bora wa bonde hili una kitu kingine ambacho hakipatikani kwingi, harufu ya utomvu. Miteremko ya Douro imejaa kichaka kiitwacho esteva, chenye majani yanayonata, na jua likikichoma hewa yote inanukia, karibu na ubani. Waonjaji wa huko hulitaja jina lake bila kufikiri.

Sasa kunywa kidogo. Usimeze upesi. Upitishe kila pembe ya mdomo kama unayesukutua, vuta hewa kidogo juu yake (ndiyo, utatoa sauti, na ndiyo, watoto watacheka), kisha umeze au uteme. Kama unaonja chupa kadhaa, tema. Hakuna fedheha, wataalamu wote hutema, na aliyemeza glasi sita hawezi tena kukuambia lolote la maana kuhusu ya saba. Hesabu mvinyo unakaa mdomoni muda gani baada ya kuuondoa. Mwepesi hupotea mara moja. Mzuri hubaki, na unachokisikia mwishoni kinakuwa tofauti na cha mwanzo.

Halafu fanya la pili. Kata kipande cha mkate, kichovye kwenye mafuta ya zeituni yenye chumvi, utafune, na unywe tena kutoka glasi ileile. Au kipande cha nyama ya mbuzi yenye mafuta. Ukakasi utakuwa umeshuka, na tunda limejitokeza mbele. Mvinyo ni uleule. Mdomo ndio umebadilika.

Huo ukakasi unatoka wapi?

Ni tanini. Zimo kwenye ganda la zabibu, kwenye kokwa na vikonyo vyake, na kidogo kwenye mbao za pipa. Ukitaka kuzijua bila mvinyo, tafuna bibo: ule mkwaruzo unaokausha ulimi ni tanini hizohizo. (Mkorosho wenyewe, kwa bahati, uliletwa na Wareno kutoka Brazil.)

Tanini hushikana na protini. Mdomoni, protini iliyo karibu ni ya mate, na mate yakishikwa hupoteza utelezi wake, ndiyo unahisi ulimi umekauka. Ukiweka nyama, jibini au maharage mdomoni, tanini hupata kitu kingine cha kushika na kukuachia mate yako. Mafuta nayo hulainisha mdomo, na chumvi hupunguza uchungu. Hayo matatu, protini, mafuta na chumvi, ndiyo ufunguo wa kuchagua chakula cha mvinyo huu. Ukiyakumbuka, majibu mengine hapa chini ungeweza kuyapata mwenyewe.

Watengenezaji wa Douro wana njia yao ya kupata tanini laini. Zabibu huwekwa kwenye lagar, hodhi pana la mawe lenye kina kifupi, na watu hukanyaga kwa miguu, wameshikana mabega. Mguu hupasua ganda bila kuvunja kokwa, na uchungu mkali zaidi umo kwenye kokwa. Siku hizi zipo mashine zinazoiga mguu, lakini shamba lenye mvinyo wa bei kubwa mara nyingi bado lina watu.

Unywewe ukiwa na joto gani?

Nyuzi 16 hadi 18. Ile kanuni ya “joto la chumba” ilizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya zisizo na mashine ya kupashia joto. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kikiwa na nyuzi 30 hakihusiki. Mvinyo wa nyuzi 30 unanuka kilevi na unachoma. Weka chupa kwenye friji saa moja hivi, au dakika kama 15 kwenye ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji. Barafu tupu bila maji hupoza polepole. Ukitoka baridi kupita kiasi tanini hukaza, basi uache mezani kidogo.

Na tafadhali, usihifadhi chupa juu ya friji. Ni mahali penye joto na mtikisiko kuliko pote jikoni, na ndipo nyumba nyingi zinapoweka.

Ni lazima nimimine kwenye jagi kwanza?

Kwa mvinyo wa kawaida mchanga, si lazima, ila nusu saa kwenye jagi huusaidia. Kwa Grande Reserva changa, ndiyo, hata saa mbili. Kwa chupa ya zaidi ya miaka kumi sababu ni nyingine: mashapo. Isimamishe wima tangu jana yake, mimina taratibu ukiwa na taa nyuma ya shingo, na uache kilichobaki chini mara uonapo uchafu unakaribia. Mashapo hayana madhara. Ni machungu tu, na yanakwaruza.

Wareno wenyewe wanakula nini na mvinyo huu?

Hapa ndipo penye utamu. Kaskazini mwa Ureno, Trás-os-Montes na Douro, ni nchi ya milima na baridi, na chakula chake ni cha watu waliofanya kazi nzito.

Kwanza ni cabrito assado, mwanambuzi wa kuoka. Hulazwa usiku kucha kwenye kitunguu saumu, mvinyo mweupe, paprika na jani la bei (bay leaf), kisha huokwa kwenye tanuri la kuni pamoja na viazi. Wali huwekwa kwenye tanuri hilohilo, mara nyingi chini ya nyama, ili ushike matone yake. Ni chakula cha Pasaka, na mvinyo mwekundu wa Douro ukiwa kando hapana anayeuliza kwa nini. Nyama ya mwanambuzi ina utamu mdogo na mafuta yanayogandamana kwenye midomo. Uchachu wa mvinyo huyakata, ukala tena.

Pili ni posta mirandesa. Ni pande nene la nyama ya ng'ombe wa Mirandesa, wa upande wa Miranda do Douro, linalochomwa kwenye makaa na kutiwa chumvi ya mawe, basi. Hakuna kulaza, hakuna mchuzi mzito. Katikati hubaki nyekundu. Kwa nyama hii toa Reserva yako, kwa kuwa makaa na mbao za pipa zinapatana, na tanini zinapata kazi ya kufanya.

Kuna feijoada à transmontana, maharage mekundu yaliyopikwa na sehemu za nguruwe zisizokwenda kwenye choma: masikio, miguu, soseji za moshi. Kuna tripas à moda do Porto, utumbo na maharage meupe, chakula kilichowapa watu wa Porto jina la utani la tripeiros. Vyakula hivi vizito vinataka mvinyo mchanga, wa bei ya kawaida, wenye uchachu. Kuvifungulia chupa ya gharama ni kuitupa.

Alheira nayo ina kisa chake. Ni soseji ya mkate, kitunguu saumu na nyama ya kuku au ndege wengine, maarufu zaidi ile ya Mirandela. Inasimuliwa kwamba ilibuniwa na Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa, ili waonekane wana soseji zimening'inia jikoni kama majirani bila kula nguruwe. Siku hizi nyingi zina nguruwe ndani, kwa hiyo asiyemla aulize kwanza. Hukaangwa hadi ganda likatike kwa meno.

Na samaki?

Ureno ingekujibu kwa neno moja: bacalhau, chewa wa bahari za baridi (cod) aliyekaushwa kwa chumvi. Huokwa na vitunguu na mafuta ya zeituni mengi, viazi vikipondwa kwa ngumi, na mamilioni ya Wareno huvila pamoja na mvinyo mwekundu hata usiku wa mkesha wa Krismasi. Inawezekana kwa sababu chewa hana mafuta mengi mwilini, na chumvi na zeituni hufanya kazi zao kwenye tanini.

Samaki mwenye mafuta ni shauri jingine. Kibua, dagaa au salmoni kwa mvinyo huu hukuachia ladha ya chuma na shombo mdomoni, na hilo si la kubuni: chuma kidogo kilichomo kwenye mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya samaki na kuyageuza. Pweza wa kuchoma na zeituni anapita vizuri. Kamba, hapana. Tafuta mvinyo mweupe wa Douro, nao upo.

Nyama choma, pilau, biriani?

Mbuzi choma ni jamaa wa karibu wa cabrito na posta kwa pamoja: makaa, chumvi, mafuta. Kama kuna mlo wa kwetu uliozaliwa kwa ajili ya Douro, ni huu. Chagua mbavu au paja lenye mafuta, siyo sehemu kavu. Tatizo huwa kachumbari. Ndimu nyingi huufanya mvinyo uonekane bapa, na kitunguu kibichi huua harufu yote. Punguza ndimu, osha kitunguu kwa chumvi, na pilipili ikae kwenye kisahani chake.

Mishkaki ya ng'ombe iko sawa, isipokuwa iliyolazwa kwenye papai na sukari nyingi. Pilau ya nyama inapatana kuliko watu wanavyotarajia: bizari, karafuu na mdalasini hukuta viungo vya pipa na kusalimiana navyo. Pika bila pilipili, na uchague mvinyo wa miaka minne mitano, si mchanga kabisa. Biriani ina mtindi na vitunguu vya kukaanga vyenye utamu, hapo Douro nyepesi ya Baixo Corgo inatosha.

Vyakula vya nazi siviwekei mvinyo huu. Utamu wa tui huufanya uwe mchungu, na mchuzi wa samaki wa nazi ndio kabisa. Wapo wanaonipinga kuhusu maharage ya nazi, na nawaachia.

Mbona pilipili inauharibu? Wareno si ndio wenye piripiri?

Ndio waliozisambaza pilipili kutoka Amerika hadi pwani za Afrika na India, na kuku wa piripiri alikua kati ya Msumbiji na Ureno. Lakini kilevi huongeza mwako wa pilipili, na mwako nao hukuza tanini, vikafuatana hadi husikii ladha yoyote. Kwa kuku wa piripiri ningekunywa bia baridi.

Jibini na chokoleti?

Jibini, ndiyo, hasa la maziwa ya kondoo. Terrincho ni la mabonde hayohayo. Queijo Serra da Estrela, linalogandishwa kwa ua la mbaruti wa huko badala ya tumbo la ndama, huwa laini kiasi cha kuchotwa kwa kijiko. Likiliwa pamoja na Douro iliyokomaa ni jambo kubwa. Kwa jibini la kawaida la dukani, tafuta gumu lenye chumvi.

Chokoleti, hapana. Kitu chochote kitamu kuliko mvinyo huufanya mvinyo uonekane mkali na mtupu. Keki ikifika mezani, ndipo Port iingie.

Chupa yangu inanuka kama gazeti lililolowa. Nimeuziwa mbovu?

Huenda. Kuna kemikali iitwayo TCA inayoweza kukaa kwenye kizibo, na kiasi kidogo mno hutosha kufuta tunda na kuacha harufu ya ukuta wenye ukungu. Haikudhuru. Ukiwa mgahawani, mwambie mhudumu, anuse mwenyewe, na kwa heshima akubadilishie. Kuonjeshwa kabla ya kumiminiwa kumewekwa kwa ajili ya hilo, wala hakukusudiwa useme kama unaupenda au la.

Usitegemee kupata Douro yenye kifuniko cha kuzungusha. Ureno huzalisha karibu nusu ya kizibo chote cha mwaloni duniani, mti mmoja ukivunwa gamba kila baada ya miaka tisa, na wanajivunia. Nunua kizibuo kizuri.

Uwekwe miaka mingapi?

Ule wa kawaida unywe ndani ya miaka mitano. Reserva nzuri huishi kumi. Mikubwa, hasa ya mwaka uliosifiwa kama 2011, huenda ishirini na zaidi. Barca Velha yenyewe hutolewa pale tu watengenezaji wanapouridhia, na tangu 1952 imetoka karibu mara ishirini tu. Miaka mingine hushushwa daraja na kuuzwa kama Reserva Especial.

Hayo yote yanahesabu chumba chenye ubaridi na giza, chupa imelazwa. Kwenye kabati la nyumba ya pwani bila kiyoyozi, mwaka mmoja ni mwingi. Kama huna pahali, nunua unapokaribia kunywa.

Kwa nini bei zinapishana sana?

Mteremko. Matuta mengi hayapitishi trekta, zabibu hukatwa kwa mkono na kubebwa, na mizabibu mizee hutoa kidogo. Ongeza pipa jipya la mwaloni wa Ufaransa. Hata hivyo, chupa za bei ya kati za Douro zinastahili bei yake kuliko za nchi kadhaa zenye majina makubwa.

Ikibaki nusu chupa?

Rudisha kizibo, iweke kwenye friji, na itakaa siku mbili tatu. Siku ya pili mvinyo mchanga wakati mwingine huwa bora. Ukishapoteza harufu, mimina kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe yenye mfupa, pamoja na kitunguu saumu, nyanya na jani la bei, uache ichemke taratibu hadi nyama iachie. Ila kilevi hakiishi chote jikoni, hata baada ya saa nyingi za kuchemka. Kama mezani kuna Mwislamu au mtu yeyote asiyekunywa, mwambie kabla hajaketi, na sufuria yake iwe nyingine tangu mwanzo.